Wino wa Mahindi

Bwawa lililokuwa karibu na kambi ya mama yangu halikuwa na maji, lakini lilikuwa na mtandao wa simu. Huwezi kupewa vyote. Ukisimama juu ya ukuta wake wa mawe, ukageukia upande wa mji, ukainua simu kidogo kama mtu anayeapishwa, vijiti viwili vya mtandao vinatokea. Chini, pale ng'ombe walipokuwa wakinywa, kulikuwa na matope yaliyokauka yakapasuka kama visigino, na mifupa ya ng'ombe haohao. Mimi sijawahi kuliona bwawa hilo. Nililijua kwa kuelezwa, kila Jumamosi asubuhi, nikiwa nimesimama kituoni Silver Spring, Marekani, nikisubiri basi, kadi ya simu mkononi.

Mama hakuzaliwa kambini. Alikuwa na shamba, nyumba ya mabati ya vyumba vitatu na miparachichi miwili. Kisha watu wakapiga kura. Kidole chake kilikuwa bado na wino majirani walipokuja na mafuta ya taa kumweleza kwamba amepiga vibaya. Alitoka na sufuria moja, na mgongoni mjukuu wake, ambaye ni binti yangu wa kwanza. Wakalala kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, palepale ambapo miaka mingine Mama alikuwa akienda kutazama maboga yaliyopata zawadi. Baadaye wakahamishiwa kwenye tambarare moja iliyokaa miaka yote bila kutakwa na mtu. Sababu ya kutotakwa ikajulikana mapema: mvua haikunyesha msimu wa kwanza, na wa pili haikunyesha pia. Waliotolewa kwa moto wakapelekwa kukaushwa na jua. Mpango mzuri sana, mtu alikaa ofisini akaufikiria.

Sasa hapa kila mtu huuliza, akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja: na binti yako alikuwa anafanya nini huko wakati wewe uko Marekani?

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina mtoto wa miaka miwili na sina mume, nikapata nafasi ya chuo huku. Dada mmoja mtaani, bingwa wa mambo ya visa ambaye yeye mwenyewe alikuwa amenyimwa mara mbili, akaniambia, "Ukiandika una mtoto, umekwisha." Kwenye fomu, palipoulizwa idadi ya watoto, nikaandika sifuri. Niliiandika vizuri, duara safi, mwalimu wangu wa hesabu angenipa alama. Mama nilimwambia ni mwaka mmoja tu. Ada ikanishinda muhula wa pili, nikaingia kazi ya kulisha wazee. Nikazaa mtoto mwingine, wa kiume, na baba yake akahamia Texas akisema anakwenda kututafutia nyumba. Nadhani bado anapima vyumba. Na ile sifuri ikabaki kwenye faili yangu. Hebu jaribu kumwita mtoto ambaye ulishatia sahihi kwamba hayupo.

Kwa hiyo tulikuwa watu wa simu. Nilipiga saa kumi na mbili asubuhi, kabla basi halijafika, na kwao ilikuwa saa nane mchana. Saa nane ilikuwa saa nzuri. Karani wa chakula cha msaada, kama angekuja siku hiyo, angekuwa ameshaondoka, kwa sababu gari lilimrudisha mjini akale. Karani wa chakula hakosi chakula.

Karani huyo hakutangaza siku zake. Walisema akitangaza, watu wa mjini watakuja kujihesabisha. Alitokea tu, kila baada ya wiki kadhaa, na kila mtu akatakiwa kukaa mbele ya hema lake na watu wake wote. Akapita na daftari na chupa ya wino. Aliyeonekana alipakwa kidole cha mwisho, jina likabaki. Asiyeonekana alikatwa. Mama aliniambia wino ni uleule wa kura, harufu yake haisahauliki. Mara ya kwanza ulimtoa nyumbani kwake, sasa ukawa unampa mahindi, maharagwe na mafuta. Angalau ulikuwa umejirekebisha.

Mwezi wa tatu, Wamarekani wakasogeza saa mbele, kama wafanyavyo kila mwaka, na mimi nikampa Mama taarifa.

"Mama, Jumamosi ijayo nitakupigia saa saba, si saa nane."

"Umebadilishiwa kazi?"

"Hapana. Huku wamesogeza saa."

"Nani amesogeza?"

"Serikali."

Akafikiri kidogo. "Na jua likakubali?"

"Mama, ni saa saba. Usisahau."

"Nisahau kwani nina kazi gani nyingine?"

Ningeweza kutafuta saa nyingine. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini kwa saa za huku, ikifika saa moja nilikuwa nimeshavaa glavu, na mchana simu zilikuwa marufuku, na mimi, kwa akili yangu ya kidato cha nne, nilidhani tofauti ya saa moja ni saa moja tu.

Jumamosi ile Mama alikuwa juu ya ukuta saa saba kamili, na mtoto ubavuni. Ni mwendo wa nusu saa kutoka kwenye mahema. Tuliongea mpaka yule mwanamke wa kwenye kadi ya simu alipokatiza kunitangazia kwamba imebaki dakika moja. Binti yangu alinieleza habari ya jino lake la mbele lililong'oka, na jinsi lilivyotupwa juu ya hema kwa sababu hakukuwa na paa. Nilicheka. Nilipanda basi nikiwa bado nacheka.

Karani alikuja siku hiyo, saa saba kasorobo. Akakuta hema tupu.

Mama hakuniambia mwanzoni mwa simu iliyofuata. Aliniuliza kwanza kikohozi cha mvulana wangu, kisha hali ya hewa, kisha akasema, kama mtu anayetaja kwamba chumvi imeisha, "Tumekatwa."

Jirani wa hema alijaribu kututetea, Mungu ambariki na amwongezee akili. Alimwambia karani, "Usimkate, yupo, amekwenda tu kupigiwa simu na binti yake wa Amerika." Karani akaandika ubavuni mwa jina la Mama: ana msaada wa nje.

Namba ya karani niliipata kwa jirani huyohuyo. Nikampigia siku yangu ya mapumziko, nikiwa nimejitayarisha kutukana.

"Madam," akasema, "mimi naandika ninachokiona."

"Alikuwa ukutani kwenye bwawa! Nusu saa tu kutoka hapo ulipokuwa umesimama!"

"Akifanya nini?"

Akajijibu mwenyewe.

"Akiongea na wewe, Madam. Na sasa unaongea na mimi, kutoka Amerika, na wala huna haraka. Hapa kuna wajane ambao hakuna hata mtu wa kuwafleshi, simu ilie mara moja tu. Chakula hakitoshi. Wewe niambie, nimkate nani?"

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuwa mjinga. Angekuwa mjinga ningemmaliza. Nilimwambia ninachotuma kinaishia kwenye maji, kwa mwenye punda anayeuza madumu, na siku nyingine hata madumu hayo hayafiki. Akasema, "Pole sana, Madam," na nadhani alimaanisha, kisha akakata.

Wakati huohuo Wakenya wa huku tulikuwa tumeamua kupambana na njaa kwa njia tunayoiweza: karamu. Ukumbi wa hoteli, vitambaa vyeupe mezani, kuku wa aina mbili, pilau, chapati, na picha za ng'ombe waliokufa zikipita ukutani wakati watu wanajipakulia. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amesikia kwamba mama yangu yuko kambini, akanipigia kwa furaha ambayo hakuweza kuificha.

"Dadangu, dakika mbili tu za kuzungumza. Wewe ndiye unayejua. Na ikitokea machozi yamekuja, usiyazuie."

Nilikubali kwa sababu moja. Mgeni wa heshima alikuwa bwana mmoja kutoka nyumbani, mkubwa kwenye kamati fulani ya ukame. Nikajisemea, huyu akimpigia karani simu moja tu, mambo yamekwisha.

Nikavaa gauni la kanisani. Baada ya maombi, na wimbo wa taifa, na mnada wa twiga wa mbao, nikasimama. Sikulia. Nilieleza wino, daftari, ukuta wa bwawa, na saa iliyosogezwa. Nilisema "mama yangu na mjukuu wake." Hivyo ndivyo nilivyosema, mjukuu wake, mbele ya watu wote wale. Kisha nikamgeukia mgeni: "Mheshimiwa, naomba umsaidie arudishwe kwenye orodha."

Mheshimiwa akafuta midomo kwa kitambaa, akaomba kipaza sauti.

"Ndugu zangu, mmesikia. Lakini hebu tumshukuru Mungu. Mama huyu ana bahati kuliko wengi. Ana binti kama huyu! Mpigieni makofi."

Wakanipigia makofi. Wengine walisimama. Karani kwa suruali yenye vumbi na mheshimiwa kwa tai ya hariri walikuwa wamefikia hesabu moja, ila karani hakunipigia makofi. Nikarudi kwenye kiti. Wakati wa kuondoka, mama mmoja wa kamati akanishindilia mkononi kuku aliyefungwa kwenye karatasi ya fedha: "Chukua, mwanangu, kisije kikatupwa."

Asubuhi nikampashia mvulana wangu kuku huyo wa njaa, na wali kidogo. Alikuwa na miaka mitatu na sentensi moja kamili, nayo ilikuwa ya Kiingereza, kwamba hakitaki. Akasukuma sahani ikaanguka. Nikamfokea kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Kuna watoto hawajala tangu jana! Dada yako hajala!"

Akanitazama bila woga, akauliza kwa Kiingereza chake, "Dada gani?"

Jirani yangu wa ghorofani, Mtanzania, ndiye aliyekuwa akinilelea huyu mtoto nikiwa kazini. Alisikia kelele akashuka. Nilimweleza yote huku naokota wali kwenye zulia. Alisikiliza hadi mwisho akiwa amejishika kiuno.

"Shoga yangu," akasema, "tatizo lenu ni kwamba wewe upo."

"Unamaanisha nini?"

"Si ufe tu? Mama akija kuulizwa, aseme hana mtu. Kwani huyo karani atakuja kukufukua?"

Nilitaka kumtupia wali. Badala yake, Jumamosi nikampigia Mama.

"Mama, karani akija tena, mwambie huna mtu ng'ambo."

"Wameniona nikiongea na simu, wewe."

"Sema niliacha kupiga. Sema nimekufa."

"Funga mdomo!"

"Ni maneno tu, Mama."

"Kufa hapana. Siziki mtu kwa ajili ya maharagwe." Nikasikia upepo wa bwawani ukipiga simu. Alikuwa anapima, kama alivyokuwa akipima bei sokoni. "Nitasema umepotea. Watu wanapotea kila siku, na wengine hurudi."

"Haya, nimepotea. Na simu uifiche. Na usipande tena ukutani mpaka wakuandike. Hata siku moja. Mimi sitapiga."

"Na huyu mtoto? Karani huwauliza watoto. Anajua watoto hawajui kuficha."

"Mwambie akiulizwa mama yake yuko wapi, aseme hajui."

Nikamsikia akimvuta mtoto karibu na simu.

"Mwambie wewe," Mama akasema, na akampa simu.

"Mama! Jino lingine linatikisika!"

"Vizuri. Nisikilize. Mtu wa daftari akikuuliza mama yako yuko wapi, utasema nini?"

"Amerika, Silver Spring, karibu na treni." Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe, kwa miezi, ili asipotee. Sijui nilidhani atapotea wapi hata arudishwe Silver Spring.

"Hapana. Utasema hujui."

"Lakini najua."

"Najua unajua."

"Sasa si ni uongo?"

"Ni mchezo."

"Nani anashinda?"

"Wewe. Ukisema hujui, unashinda mahindi."

Akafikiri. "Na wewe unashinda nini?"

Basi likafika. Nikamwambia anipe nyanya yake.

Tukapanga na Mama mambo ya fleshi. Kwetu ukitaka kumpa mtu habari bila kumaliza kredo, yaani salio la simu, unaiacha simu yake ilie mara moja, unakata, na mwenye kupigiwa hashiki. Akishika amekula kredo yako, na huo ni utovu wa adabu. Fleshi moja ingekuwa na maana kwamba Mama ameandikwa peke yake. Mbili, wote wawili. Hakuna fleshi, hakuna mahindi.

Kisha nikapotea, kama tulivyokubaliana.

Jumamosi ya kwanza nilisimama kituoni nikiwa sijui mikono niiweke wapi. Ya pili nilikuta nimeshabonyeza namba zote za kadi, ikabaki ya mwisho tu. Nikampelekea Mtanzania ile kadi. "Nishikie. Nikikuomba, usinipe." Jumamosi ya tatu nilimwomba. Akaniambia, "Marehemu hapigi simu, shoga," akafunga mlango. Nilimchukia hadi Jumanne. Ya nne ikapita. Nilikuwa nahesabu mahindi ambayo sikuwa nikiyaona: jirani wa hema angewapa kidogo, angalau kwa aibu ya mdomo wake. Kanisa la mjini lingepeleka kitu. Mtoto wa miaka sita anahitaji uji kiasi gani? Nilikuwa najua kiasi anachohitaji bibi wa Kimarekani wa chumba cha kona, kwa sababu kazini kuna fomu. Baada ya kila mlo unaandika mzee amekula kiasi gani: robo, nusu, robo tatu, yote. Akila robo siku mbili mfululizo, daktari anaitwa, mtaalamu wa lishe anaitwa, binti yake anaitwa kutoka Virginia. Watu wanakaa kikao kwa ajili ya kijiko cha viazi. Sisemi ni vibaya. Nasema tu nilikuwa naijaza fomu hiyo mara tatu kwa siku.

Jumamosi ya tano, wakati wa kifungua kinywa, nilikuwa namlisha huyo bibi wa kona. Simu nilikuwa nimeificha kwenye soksi, kinyume na sheria. Ikatetemeka mguuni mara moja, ikanyamaza.

Nikasimama na kijiko hewani. Moja. Mama ameandikwa.

Bibi akafumbua mdomo, nikasahau kumpa. Akaufunga. Nikahesabu kimoyomoyo hadi ishirini, kisha hadi ishirini tena. Nikaanza kuona jinsi ilivyokuwa: karani ameinama, ameuliza kwa upole, na binti yangu, kwa sauti ya mtoto aliyefundishwa vizuri na mama yake, amesema Amerika, Silver Spring, karibu na treni.

Mguu ukatetemeka tena.

Nami nikashika. Maisha yangu yote sijawahi kushika fleshi ya mtu. Nilichomoa simu kwenye soksi, uji wa bibi ukamwagika, nikaiweka sikioni.

"Mama! Mbona umeshika? Utamaliza kredo ya nyanya!"

"Umeandikwa?"

"Ndiyo! Nimepakwa wino, hata hautoki! Aliniuliza mama yako yuko wapi, nikasema sijui. Akaniuliza tena, nikasema sijui tena. Nyanya alilia kidogo lakini mimi sikulia. Nimeshinda, si nimeshinda?"

"Umeshinda," nikasema, lakini kredo ilikuwa imekatika, na sijui kama alisikia.

Nikapiga magoti kufuta uji sakafuni. Bibi akanitazama kutoka juu. Alikuwa mtu wa kusahau hata jina la mumewe, lakini siku hiyo akili ilikuwa nyumbani. Akaniuliza ni nani aliyenipigia.

"Binti yangu."

Akasema alidhani nina mvulana tu. Nilifanya kazi pale karibu miaka mitatu, na kila mtu alidhani hivyo, kwa sababu ndivyo nilivyowaambia.

"Una wangapi basi?"

"Wawili," nikamwambia. "Huyu ni wa kwanza."

Nikamaliza kufuta. Kisha nikachukua fomu yake na kalamu, nikaandika robo, kwa sababu uji uliobaki niliumwaga mimi.